Disko lilipoingia ukumbini: ni kweli ma-DJ ndio walioua bendi zetu?

#1 | Mleta uzi | Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kulikuwa na mjadala hapa kuhusu nyimbo za bendi zinazotukumbusha mbali. Kila baada ya michango mitatu anatokea mtu anaandika "ma-DJ ndio walioua bendi", watu wanampa laiki, maisha yanaendelea. Nimeisoma ile sentensi mara nyingi mno na imenikaa kooni. Mimi nimekaa pande zote mbili. Kuanzia 1983 nilipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya kiwanda kimoja Morogoro, na kuanzia 1994 nikawa fundi wa vyombo kwenye disko la kukodi hapa Dar kwa miaka 12. Nimeona bendi ikizimika na nimebeba spika za kilichokuja baada yake. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Tuanze na swali ambalo watu huliruka: bendi zilikuwa za nani?

Vijana wengi wanadhani bendi ilikuwa ni marafiki wamechangishana wakanunua magitaa. Za namna hiyo zilikuwepo, na za watu binafsi zilikuwepo pia. Lakini zile zilizodumu na kuajiri watu wengi, nyingi zilikuwa za umma. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika bendi nayo ikabadili jina: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya Shirika la Bima. Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi. Polisi walikuwa na yao, JKT walikuwa na Kimulimuli, hata UDA ya mabasi ilikuwa na bendi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndipo tukapata DDC Mlimani Park, Sikinde Ngoma ya Ukae.

Sasa kwa mpiga gitaa hiyo ilikuwa na maana gani? Mimi kwenye makaratasi ya kiwanda niliandikwa karani wa stoo. Stoo yenyewe niliingia mara chache sana. Saa 3 asubuhi tulikuwa kwenye bwalo la wafanyakazi tunafanya mazoezi hadi saa 8 mchana, Jumanne hadi Ijumaa. Mwisho wa mwezi nasaini mshahara pamoja na watu wa mashine. Nikiumwa nakwenda zahanati ya kiwanda. Gari la kutupeleka Kilosa au Ifakara ni la kiwanda, dereva ni wa kiwanda, mafuta ni ya kiwanda. Tulikuwa watu 17. Chukua kalamu upige hesabu ya watu 17 wanaolipwa kila mwezi, wawe wamepata watu ukumbini au hawakupata, utaelewa ni kitu gani kilikuwa kimebeba muziki wa dansi nchi hii.

Wakati huo huo disko lilikuwepo. Hili ndilo watu wanalisahau. Halikuja miaka ya 90. Muziki wa sahani za nje ulikuwa na wapenzi wake mjini tangu zamani, kiasi kwamba Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar ilikuwa ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul. Mnajua marufuku ya muziki huwa inaishia wapi. Miaka ya 80 vijana wa Dar walikuwa na disko Motel Agip, YMCA, na Mbowe, pale ambapo baadaye pakaitwa Bilicanas. Mikoani tulikuwa na disko vumbi: uwanja wa shule, jenereta, taa mbili za rangi, na vumbi linalopanda hadi magotini. Sikukuu ya Idd au Krismasi mchana ni disko toto, usiku ukumbi ule ule tunapanda sisi bendi, tena tukikuta sakafu bado imejaa maganda ya karanga. Hatukuwaona wale ma-DJ kama maadui. Walikuwa wanatuazima nyaya, sisi tunawaazima maikrofoni.

Kwa hiyo miaka kumi na zaidi disko na bendi vilikaa nyumba moja bila kuuana. Kilichobadilika ni nini?

Kilichobadilika ni kwamba mwenye bendi aliondoka. Mwishoni mwa miaka ya 80 mashirika ya umma yalianza kuyumba, na miaka ya 90 yakaanza kuuzwa. Kiwanda kinachodaiwa umeme hakiwezi kununua tarumbeta. Kwetu ilianza kidogo kidogo. Kwanza gari likarudishwa kiwandani. Halafu nyuzi za gitaa zikawa hazinunuliwi, tunaunganisha waya wa breki ya baiskeli kwenye kamba ya tatu. Halafu mshahara ukawa unachelewa miezi miwili, mitatu. Siku moja mwaka 1991 tulikuta bwalo limefungwa kufuli jipya na vyombo viko ndani. Hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Yule mpiga saksafoni wetu, mtu aliyepuliza tangu enzi za ukoloni, alisimama pale mlangoni mpaka jua likawa kali, kisha akaenda zake nyumbani. Hakupuliza tena hadi anafariki. Yalikuwa mapafu mazima na mdomo mzima, ila hakuwa na saksafoni.

Sikumsikia DJ yeyote siku hiyo. Hilo nataka liandikwe.

Mpaka hapa nawatetea ma-DJ. Sasa nigeuke, kwa sababu na upande wa pili ni wa kweli.

Nilipofika Dar 1994 nikaajiriwa kwenye disko. Tulikuwa watatu: DJ, mimi, na kijana wa kubeba. Tulikuwa na tantebo mbili za kuchezea sahani, mikisa, amplifaya, spika nne na kreti za sahani na kanda. Tunafika saa 12 jioni, saa 1 tunapiga. Kwa mwenye baa hii ilikuwa ni neema tupu. Zamani makubaliano yalikuwa mlango wa bendi, kaunta ya mwenye ukumbi. Yaani kiingilio chote ni cha bendi, bia zote ni za mwenye nyumba. Disko likaja na makubaliano mengine: kiingilio hakuna, mtu aingie bure anywe, mwisho wa usiku mwenye baa anampa DJ hela yake mkononi. Wateja wakazoea. Ukishamzoesha mtu kuingia bure kusikiliza muziki, Jumamosi inayofuata bendi ikiweka meza mlangoni na daftari la tiketi, anaiona kama imemtukana.

Bendi nazo zikalazimika kuondoa kiingilio. Zikawa zinalipwa na mwenye baa kiasi kile kile cha mkononi, lakini zenyewe zina watu 12. Basi zinapunguza. Anaanza kuondoka mpuliza tarumbeta, halafu saksafoni, halafu tumba, halafu gitaa la pili. Kinanda kinaletwa kuziba mapengo yote hayo. Na mwenye baa anasema: pigeni zile watu wanazozijua. Kwa hiyo bendi inapiga kopi, yaani nyimbo za wengine. Hapo ndipo, wakuu, kwa maoni yangu, jeraha lenyewe lilipo.

Maana enzi zetu wimbo ulikuwa unalelewa ukumbini. Mtunzi analeta maneno Jumanne. Tunatafuta sauti, solo anatafuta njia yake, mimi natafuta ya kwangu ya kumsindikiza bila kumkanyaga, besi anatulia. Ijumaa tunaupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, bila kutangaza. Unaangalia miguu. Kama kipande cha mwanzo ni kirefu, watu wanarudi mezani kabla hatujafika kwenye kuchemka, pale mwendo unapopanda, Jumanne tunakikata. Kama akina mama wa meza za pembeni wamesimama kwenye ubeti wa pili, ule ubeti unarudiwa. Wimbo unakwenda hivyo wiki sita, wiki nane, ndipo unapelekwa studio za Radio Tanzania Barabara ya Pugu kurekodiwa. Mnaposikia nyimbo za zamani mnasema zimekamilika, sababu ni hiyo. Zilirekodiwa baada ya kupitishwa na watu mia tatu wanaotoka jasho.

DJ hawezi kufanya hivyo, na simlaumu. Yeye anapokea kilichokwisha kukamilika. Lakini siku ukumbi ulipoachwa kwake peke yake, hicho kipande cha kazi kikakosa mahali. Na bendi inayopiga kopi nayo haikifanyi.

Nakaribisha michango. Nitarudi kujibu nikitoka msibani kesho.

#2 | Dodoma

Nimeweka kambi hapa. Mzee endelea kutiririka.

#3 | Mbagala

Shikamoo mzee wangu.

Mimi ni DJ, nina miaka 27, napiga baa moja huku Mbagala na harusi wikiendi. Nimesoma uzi wote mara mbili. Kwanza asante kwa kututendea haki pale mwanzo, maana tumezoea kutukanwa.

Ila kuna kitu nataka kusema kwa heshima. Umesema DJ anapokea kilichokwisha kukamilika. Mzee, kwetu huku sivyo. Singeli imetoka wapi? Imetoka kwa ma-DJ na watu wa studio za uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati. Mtu alichukua kipande cha taarab, akakizungusha, akakiongezea mwendo mpaka kikawa kama mbio za pikipiki, akampa mtu maikrofoni kwenye kigodoro, ile sherehe ya usiku mtaani. Watu wakicheza kinabaki, wasipocheza kesho kinakuja kingine. Si ndiyo ile ile ya kuangalia miguu uliyoisema? Sisso Studio ya Mburahati kazi zao zimetolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, na vijana wakaenda kupiga Ulaya. Hawa ni ma-DJ na maprodyuza. Gitaa hawana.

Na jambo la pili. Mimi mwenyewe sasa hivi najiona niko pale mlangoni na yule mzee wa saksafoni. Baa tatu nilizokuwa napiga, mbili zimeniondoa mwaka huu. Wamefunga televisheni kubwa, kaunta anaweka YouTube, muziki unajiendesha hadi asubuhi. Siku za mpira hata huo muziki hauhitajiki. Mwenye baa aliniambia maneno ambayo kwa nilivyosoma hapa nadhani nanyi mliambiwa: "Kijana, wewe gharama yako ni kubwa."

#4 | Mleta uzi

Marahaba kijana wangu.

Nimetoka makaburini sasa hivi, nimesoma mchango wako nikiwa kwenye daladala, na nimeshuka kituo kimoja kabla ili niujibu vizuri.

Kwenye singeli umenishinda, nakubali. Nilipoandika nilikuwa na picha ya DJ wa baa kichwani, nikawasahau ninyi wa vigodoro. Hata kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, vinanda vidogo vya Casio, ngoma, na spika za honi zilizofungwa kwenye mti. Nao walikuwa wanatunga mbele ya watu. Kwa hiyo nirekebishe: kazi ya kulea wimbo mbele ya wachezaji haikufa. Ilihama kumbi za kulipia ikaenda mtaani kwenye shughuli za watu. Hilo sikuwa nimeliona hivyo.

Kilichobaki moyoni mwangu ni ufundi wa mkono. Nilifundishwa gitaa na mtu aliyekaa mita moja kutoka kwangu usiku baada ya usiku. Nikikosea ananiangalia tu. Hakuna shule niliyosoma. Bendi ya watu 17 ilikuwa na wazee wawili, watu wazima kumi, na vijana watano wanaojifunza. Ilipopungua ikawa na watu sita, waliondolewa kwanza wale vijana watano, halafu wale wazee wawili. Waliobaki ni wa katikati. Wamezeeka sasa, na nyuma yao hakuna mtu. Leo bendi ikipungukiwa mpiga solo inaita deiwaka, mpigaji wa kukodi kwa siku, na deiwaka wenyewe ukiwahesabu mji mzima utawakuta ni wale wale, wanazunguka bendi tano kwa wiki. Mimi ni mmoja wao na miaka yangu ni 60.

Kuhusu kuondolewa baa, pole sana. Sina cha kukuambia zaidi ya hilo kwa leo.

#5 | Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nyinyi mnazungumza dansi, nami naomba niseme ya taarab, kwani hadithi ni ile ile ila sisi hatukuhitaji DJ ili kupunguzana. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, cha Culture Musical Club tangu 1958. Taarab ya asli jukwaani ni fidla kadhaa, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, nai, akodiani, besi kubwa la kusimama, dumbak, na waitikiaji. Ukiwapanga wote unapata safu mbili za watu. Mimi mama yangu alikuwa muitikiaji. Nilipokuwa mdogo nililala chini ya viti vya wapiga fidla.

Miaka ya 90 ikaja taarab ya kisasa, rusha roho. East African Melody ilianzia Dubai kwa Wazanzibari wa kule, na ilianza na kinanda, gitaa na waimbaji. Watu wachache, wanaingia kwenye gari moja. Watu waliipenda na mimi niliipenda, sisemi uongo, nilikuwa wa kwanza kwenda mbele kutunza. Lakini harusi za mjini baada ya hapo nani alimwita mtu wa kanuni? Kinanda kilikuwa na sauti ya kanuni ndani yake, si ndiyo kanuni yenyewe lakini kwa harusi ilitosha. Baada ya kinanda ikaja CD. Mwimbaji mmoja, CD, bwana harusi kafurahi. Sasa hivi ni DJ na MC.

Nilichotaka kusema ni kwamba huku tulipata bahati mbili ambazo bara sijui kama mnazo. Moja, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilifunguliwa 2002, na watoto wanafundishwa kanuni, udi na fidla, wakiwemo wasichana. Ya pili ni tamasha la Sauti za Busara tangu 2004, wao msimamo wao ni kwamba jukwaani muziki upigwe kwa mikono na sauti, pasiwe na CD. Mpwa wangu anapiga kanuni leo. Alianza na mwalimu darasani. Sikubaliani na mleta uzi kwamba lazima iwe ukumbini tu. Shule nayo inafundisha, hata kama haina jasho la watu mia tatu.

#6 | Arusha

Wakuu mimi nitakuwa mkali kidogo.

Mnalaumu mashirika, baa, televisheni. Bendi zenyewe je? Nilikuwa mteja. Tangazo linasema saa 2 usiku, bendi inapanda saa 5. Saa 5 na nusu wanapima maikrofoni "moja mbili, moja mbili". Mwimbaji uliyemfuata ameshahamia bendi nyingine wiki hiyo hiyo. Nyimbo ni dakika 12, nusu yake ni majina ya wafanyabiashara yanatajwa. DJ alikuwa anaanza saa aliyosema, na nilikuwa nasikia nyimbo arobaini kwa usiku mmoja. Tena za Kenya, za Kongo, za Marekani. Kijana wa 1995 ungemwambia nini?

Na ukitaka ushahidi kwamba watu hawakuchoka na bendi bali walichoka na uzembe, angalia Twanga Pepeta. Mwishoni mwa miaka ya 90 African Stars, ndiyo Twanga yenyewe, walianza upya, wakawa na mwenye mali anayesimamia, Asha Baraka na kampuni ya ASET, wakawa na wanenguaji, sare, rapa wa kuchemsha watu, na ratiba. Mango Garden Kinondoni ilikuwa inajaa na watu wanalipa kiingilio. Disko zilikuwepo, Bilicanas ilikuwepo, na Mango Garden ilijaa.

#7 | Mombasa

Hamjambo wenzangu. Nasoma kutoka huku pwani ya Kenya.

Sisi tunawashukuru sana nyinyi Watanzania kwa muziki wa bendi. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakaja huku, ndio bendi ya Simba Wanyika, na kutoka humo zikazaliwa bendi nyingine za jina la Wanyika. Hata Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wenu wa Morogoro, alifia huku Mombasa kwa ajali ya gari, Januari 1979, babangu aliniambia mji mzima ulinyamaza.

Kwetu bendi nyingi zilikuwa zinakula kwa hoteli za ufuoni. Mjomba wangu alipiga dramu katika hoteli moja Diani. Kila usiku watalii wanakula, bendi inapiga kwa muda wa saa mbili, mshahara wa mwezi, chakula cha wafanyakazi. Bendi zilikuwa na nyimbo zao lakini mgeni alitaka zile tano anazozijua, kwa hivyo wakapiga zile tano kwa miaka ishirini. Watalii walipopungua hoteli ikaita DJ, na siku nyingine ni mtu mmoja na kibodi. Huko bara kwetu wana mugithi, muziki wa Wakikuyu, wa mtu mmoja: gitaa moja, mashine ya ngoma, na mtu ameimba usiku kucha. Watu wanapenda sana. Mimi nikiangalia naona bendi nzima imekunjwa ikaingia kwa mtu mmoja.

Mjomba bado ana vijiti vyake. Hupigia meza.

#8 | Mleta uzi

Dada wa Unguja, waalaykum salaam. Nimekuelewa na nimenyamaza kwenye hoja ya shule. Ningekuwa na mtoto wa kike anayetaka kanuni ningemleta kwenu.

Ndugu wa Mombasa, mpe mjomba salamu zangu. Mwambie kuna mtu wa ridhimu huku Dar anamkumbuka bila kumjua.

Mkuu wa Arusha, umepiga panapouma na una haki. Kuchelewa kulikuwa ugonjwa. Sehemu yake ilikuwa ni kusubiri watu wajae ili mlango upate hela, lakini sehemu kubwa ilikuwa ni dharau kwa mteja, na mimi nilikuwemo jukwaani nikichelewa. Na kutaja majina ya wafanyabiashara kuliingia kwa sababu ya njaa: mwenye bendi hayupo, basi kila anayetunza anakuwa mwenye bendi kwa dakika mbili. Lakini kuliharibu nyimbo. Hilo sitalitetea.

Twanga nakubali. Ila ona na wewe ulichokisema: walikuwa na mwenye mali anayesimamia. Yaani walipata mtu wa kukaa kwenye kiti kilichoachwa na shirika. Bendi ngapi zilimpata? Na hata wao walikuwa na mzigo wa watu wengi ambao DJ hana.

Niongeze moja ambalo hakuna aliyeligusa: redio. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 redio huku bara ilikuwa moja, RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Ilikuwa na mabaya yake, bendi hazikutajirika kwa kurekodi pale. Lakini ilirekodi bendi zenyewe kwenye studio yake, mkoa kwa mkoa, na ikazipiga. Tulipiga mara moja pale mwaka 1986, nyimbo nne kwa siku moja, na wiki mbili baadaye mama yangu kijijini Mvuha alinisikia. Redio binafsi zilipoanza, Radio One ikaja 1994 na nyingine zikafuata, watangazaji wake wengi wa muziki walikuwa ma-DJ wa disko. Clouds FM yenyewe ilizaliwa na disko. Walipiga walichokijua na walichokipenda, na kwa kizazi kipya ikawa baraka, Bongo Fleva ikakua hapo. Sina kinyongo nayo. Ila bendi ikapewa saa moja au mbili Jumapili, na kipindi kikaitwa zilipendwa.

Hebu litazameni hilo neno. Zilipendwa. Bendi inatoa wimbo mpya, imeulipia studio kwa hela yake, inaupeleka redioni, inaambiwa upelekeni kwenye kipindi cha zilipendwa. Nilikaa pale mapokezi na CD mkononi nikaambiwa hivyo, kwa wimbo ambao ulikuwa na umri wa siku tisa.

#9 | Morogoro

Mzee nimesoma hapo kwenye siku tisa nimeweka simu chini kwanza.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Hapa ndipo kwa wanamuziki Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Usiku wa leo ukitembea mjini utasikia spika kila kona, ila bendi inayopiga kwa vyombo ni ya kutafuta. Zinazosikika sana ni za makanisani. Kama mnatafuta walipo vijana wanaoshika besi na dramu, nendeni kanisani Jumamosi jioni wakati wa mazoezi ya kwaya. Na ukisikia tarumbeta mtaani ujue ni matarumbeta ya harusi, wamepanda nyuma ya pikapu wanamsindikiza bibi harusi. Hao DJ hajawagusa, kwa sababu wao wanapiga huku gari linatembea na mtaa mzima unatoka nje kuangalia.

#10 | Mbagala

Mzee wangu, ni mimi tena.

Hili la matarumbeta limenigusa. Harusi nyingi ninazopiga wao wanafika kabla yangu, wanawapokea maharusi mlangoni, wanamaliza wanaondoka, mimi ndio naanza. Sijawahi hata kuwasalimia vizuri. Jumamosi iliyopita baada ya kusoma uzi huu nilizima muziki wangu nikawaomba waingie nao ndani mpaka katikati ya ukumbi. MC alishtuka. Watu walisimama wote, bibi wa bwana harusi aliondoka kwenye kiti alichokalia tangu saa 12. Nikawa nimekaa kimya kwenye kontrola yangu naangalia miguu, kama ulivyoandika.

Nina swali. Una gitaa? Nina vipande vya ngoma nimetengeneza, vya singeli iliyopungua mwendo, na nimesikiliza ridhimu za zamani usiku huu mzima. Siwezi kuzicheza, najua tu kwamba zinakosekana pale. Sina hela nyingi ya kukulipa.

#11 | Mleta uzi

Gitaa ninalo. Kamba ya tatu ni mpya, ya dukani.

Jumatano na Alhamisi nafanya mazoezi na vijana wawili hapa nyumbani Temeke, kuanzia saa 10 jioni umeme ukiwepo. Mmoja ana miaka 16, besi yake inaanza kutulia. Nimekutumia namba inboksi. Njoo na vipande vyako, na usivikamilishe kwanza. Viache viwe na nafasi ndani.